Kamera ya Kijerumani Haikosei

Jumatatu asubuhi Mauwa alikaa barazani kwa mama yake, Mbagala, na kamera mbili za mkanda mapajani. Moja ilikuwa ya Kijerumani, nzito, bei yake hutajwa kwa kunong'ona. Nyingine ilikuwa ya Kirusi, ya bei rahisi, ngozi imebanduka pembeni. Maharusi wa siku hizi wamekinai picha za simu, wanataka za mkanda kama za bibi zao, na Mauwa, mpiga picha wa harusi, alitaka kuwawahi wenzake. Mzee Gaudens, fundi kamera wa Tandale, alimwachia zote mbili kwa wiki moja ili achague.

Kamera za aina hiyo hupima umbali. Ukichungulia unaona kitu kimoja mara mbili. Unazungusha pete mpaka picha mbili zilaliane, kisha unasoma kwenye pete ni mita ngapi. Mauwa alipima tangi la maji: zote mbili zikasema mita nne. Akapima mlango wa jirani: zote mbili sita. Akageukia shimo la mchanga, ambalo malori ya Kondo, mchimba mchanga, yalikuwa yakilichota mwaka wa tatu sasa. Ukingo wake ulikuwa mbele ya nyumba, ng'ambo ya nyasi, hatua ishirini kwa miguu ya mama yake. Ya Kirusi ikasema mita kumi na tano. Ya Kijerumani haikulaza picha mpaka pete ilipofika mita moja.

Alirudia mara tatu. Mita moja.

"Mama, sogeza kiti nyuma."

Bi Somoe akasogeza. "Na jiko?"

"Na jiko."

Alasiri jogoo wa jirani yao Hamisa alitoka kudonoa kwenye zile nyasi. Alipiga hatua mbili, akazama, na nyasi hazikutikisika. Wakamsikia akiwika huko chini shimoni. Hamisa akasema afadhali si tetea, akaenda kumfuata kwa njia ya malori.

Tangu hapo watu walipitia mlango wa uani. Mgeni akibisha mbele aliambiwa azunguke, huku kumekwisha. Majirani walipanga foleni wapimiwe nyumba zao, na Mauwa akawapimia kwa ile ya Kijerumani, kichwa kimemvimba kidogo.

"Hii haikosei," aliwaambia. "Hiyo ya Kirusi inapima kile macho yako yanachokiona tu."

Mdomo huponza kichwa, na wa Mauwa ulikuwa umeshaanza kazi.

Alhamisi Mauwa na mama yake wakamwita Kondo mwenyewe, aone, aache kuchimba. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akavua viatu mlango wa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kondo. Mnatumaliza, mwanangu."

Mauwa akampa kamera. Kondo alichungulia muda mrefu, akazungusha pete taratibu.

"Kamera nzuri hii, sista," akasema. "Kibali changu kinanipa shimo lote mpaka ukingoni. Mie siku zote najua ukingo uko kule. Kumbe uko hapa mlangoni."

Hakusema kwa ubaya. Alivaa viatu vyake akaaga.

Kesho yake Mzee Gaudens akaja mwenyewe.

"Kondo anaitaka ile ya Kijerumani. Lakini wewe ndiye wa kwanza, mwanangu. Ukisema unaichukua, namwambia imeshauzwa, utanilipa kidogo kidogo mwaka mzima."

Mauwa alizitazama zote mbili. Aliichukia ile nzito. Alidhani ikitoka nyumbani, shimo nalo litarudi mahali pake, na ofisi ya mtaa ikija kupima mpaka itabaki na hatua ishirini za mama yake.

"Nachukua ya Kirusi," akasema.

Jumatatu mtendaji wa mtaa alikuja kupima ukingo wa shimo uko umbali gani na nyumba. Mauwa akampa ya Kirusi, Kondo akampa ya Kijerumani. Moja ikasema kumi na tano. Nyingine ikasema sifuri.

"Si wewe uliyewaambia watu hii haikosei?" mtendaji akamuuliza Mauwa.

"Ni mimi."

Mtendaji akaandika sifuri, akagonga muhuri.

Jumatano, saa tatu asubuhi, Mauwa alichungulia kamera yake mlangoni. Nyasi zilikuwepo, mbichi, mita kumi na tano kamili, hakuna lori wala mtu. Ndani mama yake alikuwa akikunja nguo kitandani. Chini ya kitanda, chini ya sakafu, koleo likagonga saruji mara mbili, likatulia.

"Hodi," sauti ya kiume ikasema kutoka huko, kwa adabu.

Bi Somoe hajawahi kuiacha hodi bila jibu. Aliweka nguo kando, akajifunga khanga vizuri.

"Karibu," akasema.