Punda Mwenye Mistari ya Lori

Mume wangu Sifael anabandika stika nyuma ya malori ya ukarabati wa barabara, kwenye karakana moja pale Same: mistari ya mshazari, myekundu na ya njano, inayong'aa ikimulikwa na taa. Mwaka jana alileta vipande vilivyobaki, akataka kuvibandika kwenye ndoo yangu ya chapati, maana natoka Makanya alfajiri kwenda kuwauzia mafundi kando ya barabara kuu. Nilimkatalia kweupe.

"Mimi ni mkeo, baba Agape, siyo tipa la kokoto."

Sasa fikiria roho yangu ilivyochafuka Jumatatu hii, nilipogeuka nyuma nikaiona mistari ile ile kwenye madumu ya maziwa, mgongoni mwa punda wa Nailantei!

Nailantei ni binti wa wafugaji wa huku tambarare, mrefu, shanga tele shingoni, na ana meno ambayo sitayasifia hapa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinifuata asubuhi, kwa mbali gizani, na punda wake. Nikisimama, anasimama. Nikikaza mwendo, anamswaga punda. Nilidhani ananyemelea wateja wangu, kumbe ananyemelea mume! Stika zile alizibandika Sifael kwa mkono wake mwenyewe. Ni yeye tu anayezikata kona ziwe za mviringo, zisibanduke. Kwa wivu nikaitua ndoo chini.

"Wewe! Mume wangu amekupa hizo stika kwa lipi?"

"Shikamoo, mama Agape."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nauliza, kwa lipi?"

Lori lilikuja kwa kasi kutoka nyuma yake. Taa zikayapiga madumu, yakawaka, na dereva akapunguza mwendo, akatupita kwa mbali. Nailantei alisubiri kelele ziishe.

"Kwa ajili yako," alisema. "Alikuja bomani, akaongea na baba. Akasema, 'Mke wangu hataki kubandikiwa kitu, na mimi simuwezi. Binti yako akipeleka maziwa, atembee nyuma yake, punda akae upande wa magari.'" Akampapasa punda shingo. "Ila unatembea haraka sana, mama. Huyu anachoka."

Nilifurahi, sikatai, lakini wivu haukutoka, ulihama tu. Asubuhi zote hizo mume wangu alikuwa na hofu juu yangu, na walioijua ni watu wa boma la wenzetu, hata punda wao; mimi tu sikuijua.

Jioni niliiosha ndoo, nikaifuta ikakauka, nikaiweka mbele ya Sifael.

"Bandika."

Alichukua mkasi, akaanza kukata kona za mviringo.

"Pande zote," nilimwambia. "Na ziwe kubwa kuliko za punda."