Kitalu cha Kundi la Nne

Crispin alikuwa na Kiingereza kizuri, na hicho ndicho kitu pekee alichokuja nacho chuoni. Baba yake alikuwa ofisa wa halmashauri hapo Mbinga, mtu wa kuhamia, na mtoto alisoma shule za kulipia tangu chekechea.

Mimi nilitoka Lipingo, ziwani, nikasoma shule ya kata. Wiki ya kwanza ya chuo cha kilimo, hapo Mbinga milimani, nililia kwa sababu ya baridi tu. Darasani swali nilikuwa nalielewa na jibu ninalo, lakini hadi nimalize kulipanga kwa Kiingereza, mwalimu ameshahamia mada nyingine. Wenzangu wakaamua kuwa sijui kitu.

Mwalimu Ambokile alitugawa katika makundi ya watu wanne. Nikapangwa na Crispin, na Tobias, mtoto wa mkulima wa kahawa, na Edina, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Kazi ilikuwa kuotesha miche ya kabichi kwa wiki sita, kisha kuandika ripoti. Crispin akajiteua mwenyekiti.

"Lukresia, wewe utamwagilia," alisema. "Watu wa ziwani mmezoea maji."

Tobias akacheka. Edina naye akacheka, akanitazama kama anayeomba radhi, halafu akaendelea kucheka.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Nilibeba ndoo kutoka bombani asubuhi na jioni. Kwetu kuna joto, tunalima mihogo na mpunga. Kabichi nilikuwa naziona sokoni tu. Miche ya kwanza ikaoza shingo yote, pale shina linapoingia udongoni. Nikakaa maktaba siku mbili na kitabu cha Kiingereza na kamusi, nikagundua kwamba nilikuwa naizamisha. Nikapanda upya, nikajenga kichanja cha nyasi cha kuzuia jua.

Tobias alikuja mara mbili. Edina alikuja siku simu yake ilipoisha chaji. Crispin alikuja mara moja: alichuchumaa kando ya tuta, akashika ndoo niliyoijaza mimi, akapigwa picha, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kumdharau. Sikumchukia. Kumchukia mtu ni kazi, na mimi nilikuwa na kazi ya kutosha.

Ripoti niliiandika peke yangu. Kwenye jalada nikaweka majina matatu, la Crispin sikuliweka.

"Umefanya vizuri kumtoa," Edina alisema chumbani. "Yule mvivu ametuchosha."

Kesho yake akajitolea kuipeleka ikachapwe na kuikabidhi. Nilipoona nakala yake, jina la Crispin lilikuwa la kwanza kabisa, na cheo chake mbele yake.

"Baba yake anaweza kututafutia nafasi za mafunzo kwa vitendo," Edina alisema, bila hata aibu. "Utafanyaje, Lukresia? Ndiyo maisha ya chuo."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu siku ya kwanza. Mtu akitoroka kipindi, ndiyo maisha ya chuo. Akinakili kazi ya mwenzake, vilevile.

Nikaenda ofisini kwa Mwalimu Ambokile.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuomba jina litolewe kwenye ripoti ya kundi la nne."

"Marahaba. Jina la nani?"

Nilikuwa nimekwenda kumtoa Crispin. Lakini nilipofikiria kubaki kwenye karatasi moja na Edina na Tobias, nikaona kinyaa.

"Langu."

Akavua miwani. "Unajua kazi hii ina uzito gani kwenye matokeo?"

"Najua."

"Nani alifanya kazi?"

"Waite, mwalimu, wakueleze."

Hakuwaita. Alikuwa na wanafunzi themanini na macho yaliyochoka. "Basi utaanza upya, peke yako. Wiki sita. Na utaiwasilisha mbele ya darasa."

Nikaanza upya. Mvua za Novemba zikapiga, nusu ya miche ikalala chini na haikuinuka. Siku ya kuwasilisha nilisimama peke yangu, nikababaika, darasa likacheka, nikasubiri wamalize, nikaendelea hadi mwisho.

Nilipata hamsini na nane. Kundi la nne likapata sabini na tano, kwa ripoti yangu, neno kwa neno.

Crispin alizisoma alama kwa sauti pale kwenye ubao wa matangazo. "Pole, dada wa ziwani."

Nikamwangalia kuanzia viatuni hadi usoni. "Crispin, mche wa kabichi unamwagiliwa saa ngapi?"

Akafungua mdomo. Kiingereza hakikuja, na Kiswahili hakikuja. Nikamwacha hapo.

Tangu hapo nilinyoosha mkono darasani hata Kiingereza kilipokatika katikati. Muhula wa pili ulipoanza, Edina aliniambia, kwa sauti tamu, kwamba wao watatu wangependa niwe kwenye kundi lao tena.

"Hapana," nikasema.

"Bado una hasira?"

"Sina hasira, Edina. Siwataki."

Nikaendelea kutandika kitanda changu.