Kitambaa Kwenye Kamba

Mume wangu hakuwa na habari na utabiri wa redioni. Alikuwa na kitambaa chake cha kufutia oili, na kila tulipotaka kusafiri kwa pikipiki alikianika jioni kwenye kamba ya nguo. Alfajiri alikwenda kukishika. Kikiwa kimelowa, kuna mvua au ukungu, tunalala tena. Kikiwa kinapigapiga, kuna upepo wa ubavuni, na huo, alisema, unasukuma pikipiki kama mlevi anayetaka kukusalimia. Lakini kikiwa kikavu, kimetulia, mvua ya juzi imelaza vumbi na mawingu mepesi yamefunika jua, alirudi chumbani anapiga mluzi.

"Breki, amka! Leo ndiyo yenyewe!"

Breki ni mimi. Kila kona nilikuwa namkaba kiuno mpaka anakosa pumzi. Yeye fundi saa, mimi mshona nguo, na kila likizo tulifunga mizigo yetu na kuondoka.

Tangu apooze upande mmoja alikuwa na ombi moja tu: safari moja tena, hata ya kufika darajani na kurudi, nami nikiwa nyuma yake. Daktari alituambia nguvu zinamwishia, tusichelewe. Basi Spana, fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu, akaipeleka pikipiki yetu gereji kwake na kuichomelea kigari cha pembeni cha kukaa watu wawili, mmoja mbele ya mwenzake.

"Ili umkabe vizuri, bibi," akanitania.

Ndani akatandika sponji nene. Siku nilipokwenda kwake nikakuta kochi lake limebaki mbao.

Tukasubiri hali ya hewa. Ikaja mvua, mvua tu. Likaja jua la kuyeyusha lami. Ukaja upepo. Sasa mimi ndiye niliyekwenda kwenye kamba, naye akiwa kitandani aliuliza, "Vipi?"

"Bado, baba."

Sauti ya hilo "vipi" ikazidi kuwa ndogo, mwishowe akaacha kuuliza.

Jana kitambaa kilikuwa kikavu, kimetulia tuli. Juu, mawingu mepesi kama pamba iliyochambuliwa. Nilimpigia Spana simu. Alikuja na pikipiki imeoshwa, akambeba mume wangu kama anabeba mayai, akamketisha. Nami nikaingia nyuma yake, nikamshika kiuno. Mbavu zote nilizisikia kwa vidole. Nikamwekea kitambaa kwenye mkono wake mzima.

Alikipapasa kwa muda.

"Kimelowa," akasema.

"Kikavu, baba. Tazama mawingu yako yale unayoyapenda."

"Kimelowa. Ukungu utatukuta darajani. Nirudisheni ndani."

"Babu, twende hata mpaka dukani tu," Spana akambembeleza. "Ukilowa nakuvulia shati langu, nirudi kifua wazi watu wanicheke."

Zamani angecheka mpaka akohoe. Jana aligeuza shingo kidogo tu, akaniambia, "Na wewe mama, niachie kiuno. Unaniumiza."

Hakuniita Breki. Aliniambia kwa adabu, kama mtu anayemwambia abiria asiyemjua. Nikamwachia.

Tulimrudisha kitandani, akageukia ukutani. Spana alisimama mlangoni anafuta macho kwa mkono wa shati, eti vumbi, na vumbi lenyewe halikuwepo. Hakuiwasha pikipiki uani. Aliisukuma na ule uzito wote wa kigari, mgongo umepinda, mpaka akapita kona ya mwisho, mzee asije akasikia mlio wake.

Lakini mlango ulikuwa wazi, na upepo hakuna. Injini iliwaka kule mbali, ndogo, safi, ikafifia polepole.

"Kuna mtu anasafiri," mume wangu akauambia ukuta. "Amepata siku nzuri."

Nikatoka nje. Kitambaa kilikuwa kimeanguka uani, nikakiokota, nikakirudisha kwenye kamba. Sijui nilikirudisha kwa ajili ya nani.