Ukumbi wa Wasioridhia

Kengele ilipoanza kulia, Wilf Entwistle alikuwa hajamaliza chai yake, na hilo lilimuudhi, maana hata siku ya kuzikwa Baraza chai ya pale ilikuwa chai. Zilibaki dakika nane. Zikiisha milango ingefungwa, na waheshimiwa mia nne na ushei, ambao hakuna raia hata mmoja aliyewahi kuwachagua, wangeamua kama Baraza lao la Juu lifutwe, au liachwe lijirekebishe lenyewe kwa mwendo wa kinyonga, kama lilivyoahidi tangu enzi za babu zao.

Binti yake Noreen alikuwa juu, kwenye roshani ya wageni. Kwa miaka kumi na mitatu hakumletea baba yake chochote ila kadi ya Krismasi, na juu ya bahasha huandika "Kwa Bwana Lodi", kwa kejeli ya cheo alichopewa alipoteuliwa Barazani. Jana alipiga simu.

"Nakuja kuangalia," alisema. "Nione kama mle ndani bado kuna Baba, au limebaki joho tu."

Ahadi ni deni, na deni la Wilf lilikuwa na mashahidi. Siku alipoteuliwa alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya pamba kule Oldham. Wenzake walijaa ukumbini wakiwa wamekunja nyuso. Kaka yake Clifford, mapafu yameshaliwa na vumbi la pamba, alikaa mstari wa mbele na mtungi wake wa hewa.

"Siendi kukaa," Wilf aliwaambia. "Naenda kuzima taa. Siku kura ya kulifuta ikija, wa kwanza kuridhia ni mimi."

Watu walipiga makofi, Noreen kidogo tu. Clifford hakupiga kabisa. "Penye urembo ndipo penye urimbo," alisema kwa pumzi fupi, na Pasaka haikumkuta.

Urimbo ulikuwapo kweli. Kulikuwa na viti vyekundu vya ngozi, na walinzi wanaokujua kwa jina, na kigingi cha koti chenye jina lako kana kwamba umerudi chekechea. Lakini tumtendee haki mzee huyu, hakunaswa na viti peke yake. Mwaka wake wa tatu pale, sheria ya fidia ilifika kutoka Bunge la chini ikiwa imewasahau wagonjwa wa vumbi la pamba. Wilf alisimama, akaongeza mstari mmoja. Ukapita. Leo kuna wajane Oldham wanaoota moto wakati wa baridi kwa sababu ya mstari ule.

Aliyemfundisha jinsi ya kuuandika ni Honor Tarrant, na hapo ndipo palipomuuma. Honor alikuwa mpinzani wake katika kila jambo, ledi wa miaka themanini na mmoja mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima. Mke wa Wilf alipofariki, Honor ndiye aliyekaa naye wiki nzima kwenye chumba cha chai bila kusema neno la kijinga.

"Kijana wangu," alisema sasa, akitafuta fimbo yake. "Nipe mkono."

"Kijana wa miaka sabini na sita?"

"Kwangu mimi umezaliwa juzi. Haya, twende."

Walikuwa na desturi yao. Kwa miaka kumi, kila kengele ilipolia, Wilf alimshika mkono Honor akamsindikiza hadi kwenye ukumbi wake wa kura, maana pale hupigi kura kwa karatasi, unaingia ukumbi wa upande wako na kuhesabiwa. Kama kura zao zilitofautiana, na mara nyingi zilitofautiana, alimwacha mlangoni, akainama, akageuka kwenda ukumbi wa pili. Wenzao walimtania kuwa ni bwana harusi anayekimbia kila akifika kanisani.

Korido ilikuwa imejaa. Wanaoridhia sheria ya kulifuta Baraza walikuwa wakielekea kulia, wasioridhia kushoto. Watu walikuwa wakisukumana, nao ni watu wasiosukumana.

"Rekebisha, Wilf," Honor alisema. "Paa likivuja unaziba. Huchomi nyumba."

"Hii haivuji, Honor. Shida yake ni kwamba wanaonyeshewa wako nje."

"Na wajane wako? Wale wa Bunge la chini, waliochaguliwa, wenye kura zao safi, walikuwa wamelala fofofo. Nani aliamka?"

"Mimi."

"Na nani alikuchagua wewe?"

Swali hilo Wilf alikuwa amelala nalo mwezi mzima.

"Kesho kutwa," Honor aliendelea, "atatokea mtu na ugonjwa ambao hata jina hauna. Atasimamiwa na nani? Nijibu hilo, kisha uniache mlangoni."

Mlango ulikuwa huo. Alipaswa kuachia mkono na kuinama. Honor aliukumbatia mkono wake kwa mikono yote miwili, fimbo ikining'inia, na umati ukawasukuma kwa nyuma. Hatua ya kwanza ilikuwa ya umati. Ya pili, Wilf hakuwa na hakika ni ya nani.

"Ledi Tarrant," karani alisema, akapiga alama. "Lodi Entwistle." Akapiga nyingine.

Nyuma yao kengele ilinyamaza. Mlango ulifungwa, na ufunguo ukazungushwa.

Wilf alikuwa amesimama katika ukumbi wa wasioridhia, jina lake limeandikwa. Mwisho wa ukumbi wahesabu kura, wenye fimbo nyeupe, walikuwa wakihesabu kila anayepita. Wao walihesabu vichwa, si nia.

"Umekuja," Honor alinong'ona. Macho yake hayakuwa na ushindi, yalikuwa na woga. "Kaa basi. Hakuna atakayekulaumu. Kosa la umati."

Kanuni ya Baraza ilikuwa moja kwa aliyeingia ukumbi usio wake. Milango ikifungwa hawezi kwenda wa pili. Anachoweza ni kuwasubiri wahesabu warudi, kufuatana nao hadi mezani, na kabla matokeo hayajasomwa akiri kosa lake kwa mdomo wake mbele ya wote, kisha ataje kura yake. Wilf aliwahi kuona mtu akifanya hivyo mara moja tu, na alichekwa hadi kiangazi.

Angeweza kunyamaza. Lingekuwa kosa la umati, na wajane, na yule mwingine mwenye ugonjwa usio na jina, wangekuwa udhuru wake. Angeendelea kunywa chai. Noreen angeondoka akihitimisha kwamba limebaki joho tu.

Hata hivyo, hakuwa akimwogopa Noreen. Aliogopa lile jibu lililomjia alipokuwa akipita mbele ya fimbo nyeupe. Wajane waliokolewa kwa bahati. Mtu mmoja, asiyechaguliwa na yeyote, alikuwa na kaka aliyekufa kwa vumbi. Kama Clifford angefanya kazi ya kushona viatu, mstari ule usingeandikwa kamwe.

Aliuchomoa mkono wake taratibu, kidole kwa kidole.

"Wilf. Tafadhali," Honor alisema.

"Nisamehe, Honor."

Wahesabu walipoingia Barazani, alitembea nyuma yao kwenye zulia. Minong'ono ilimfuata. Mezani alishika ukingo wa mbao.

"Waheshimiwa, nimeingia ukumbi wa wasioridhia kwa makosa."

"Aibu!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Mwingine akacheka. "Mzee kapotea njia! Mpelekeni chooni!"

"Utaratibu!" walisema wengine.

"Mguu ulikosea," Wilf alisema, "na kichwa kilichelewa kuukanya. Hakuna aliyenivuta. Naridhia."

Hakuthubutu kuangalia roshani. Karani alirekebisha karatasi, na Spika akasoma kwa sauti ya mtu aliyepewa dawa chungu.

"Walioridhia, mia mbili na saba. Wasioridhia, mia mbili na sita."

Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa pale haikuruhusiwa. Spika aliinuka, na watu wakaanza kutoka kama wanaotoka msibani.

Noreen alimkuta kwenye vigingi vya makoti. Alikuwa na mvi sasa. Wilf hakuwa amejua.

"Baba," alisema. Alimvalisha koti, akamfunga vifungo kama mtoto.

Honor alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yao, chini ya jina lake, akijaribu kulifikia koti huku fimbo ikimponyoka. Wilf alimwendea.

"Mlangoni pale niliushika mkono wako kwa makusudi," Honor alisema bila kumtazama. "Mbona hukusema?"

"Nilijua umeushika," Wilf alisema. "Na sikuuvuta."

Alimshushia koti. Kisha akatoa mkono, na safari hii ilimbidi angoje sana kabla haujashikwa.