Mtu wa Kupokea Simu

Ijumaa hiyo dada yangu alikuwa anaizika programu yake, saa kumi jioni. Tangazo alishaliandika, mistari minne mikavu: mradi unafungwa, asanteni, kila la heri. Jumatatu anaanza kazi kampuni ya bima, kwenye kiti cha kuzunguka na mshahara unaofika tarehe ileile kila mwezi. Huwezi kumlaumu. Miaka sita alitunza kitu ambacho hakijawahi kumpa hata nauli.

Programu yenyewe ni ya benki za damu hospitalini. Aliianza akiwa fundi wa maabara, siku aliyoona mifuko mitatu ya damu inatupwa kwa kupitwa na tarehe, huku ghorofa ya juu mgonjwa anaambiwa damu ya kundi lake hakuna. Ilikuwepo, nyuma ya friji. Akakaa akaandika programu inayojua kila mfuko uko wapi, wa kundi gani, na upi utangulie kutoka. Halafu akaianika mtandaoni, utumbo wote nje: anayetaka achukue, atumie, arekebishe, amgawie na jirani. Bure.

Wangapi wanaitumia? Hajui. Alikataa kuiwekea kitu cha kuhesabu watu, eti hospitali si mahali pa kuchungulia. Barua alizopata miaka yote hiyo ni za kuhesabu kwa vidole, na zote za malalamiko. Nyumbani tulikadiria hospitali tano. Mama, ambaye hupenda kuongeza chumvi, alisema sita.

Mimi nilitaka tu dada acheke kabla ya maziko.

Ana sheria moja ya kazi. Kila kitu kipya kinakaa kwanza "jikoni", sehemu ya majaribio anayoiona yeye peke yake. Kikikaa siku tatu bila kuungua, ndipo kinapelekwa "mezani", ambako kompyuta za watu huchota toleo jipya kila asubuhi. Funguo za kote ninazo, kwa sababu mimi ndiye ninayemsahihishia maneno. Basi Alhamisi nikatengeneza kidirisha: "Samahani, kabla ya kazi, umekula?" Vitufe viwili, Ndiyo na Bado, na ukisogeza mshale ubonyeze, kitufe kinakimbia. Chini nikaandika, "Ukishindwa mpigie mwenye programu," na namba ya dada. Nikakiweka jikoni. Nilikuwa na hakika nimekiweka jikoni.

Ijumaa, saa mbili na dakika tano asubuhi, simu ikaita. Dada alikuwa mwisho mmoja wa meza ya chakula na kompyuta yake, mama mwisho wa pili na cherehani. Dada akaweka spika.

"Ni wewe mwenye programu ya damu?" Mwanamke, na haraka yake.

"Ndiyo, mimi."

"Basi iambie nimekula. Nimeijibu mara kumi. Kitufe kinanikimbia kama kuku aliyeona mgeni."

Dada akanigeukia polepole. "Umefanya nini?"

"Utani tu. Nimeweka jikoni."

Akafungua akatazama. "Mezani."

"Chuo ulikimbia," mama akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "sasa unawakimbiza na wenye kazi zao."

Ningecheka, lakini dada hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinamia simu. "Kuna mtu anasubiri damu hapo?"

"Yupo mmoja, anapasuliwa sasa hivi. Wameomba mifuko miwili."

Nilitamani meza inifunike.

"Achana na mshale," dada akasema, sauti imetulia kama maji ya mtungi. "Kwenye kibodi, kona ya juu kushoto, kuna kitufe. Kibonyeze mara moja. Kidirisha kimeondoka?"

"Kimeondoka."

"Nisomee mifuko miwili ya kwanza ya kundi lake kwenye orodha." Yule mwanamke akasoma namba. "Hiyo ndiyo itoke. Linganisha na karatasi ya mgonjwa kabla hujaitoa."

"Kila siku tunalinganisha, mwenzangu. Programu yako hainiruhusu kupita bila kulinganisha. Mwanzo nilikuwa naitukana."

Simu ikakatika. Kwa dakika sita vidole vya dada vilikimbia kwenye kibodi. Akakiondoa kidirisha changu na kupeleka toleo safi mezani. Lakini walioamka mapema kilishawafikia, na simu ikaita tena. Na tena. Hospitali ya mgodini. Kituo cha kisiwani ambako damu hufika kwa ndege ndogo mara mbili kwa wiki. Hospitali ya mpakani inayohudumia nchi mbili na haiulizi mtu katoka wapi. Lafudhi nyingine sijawahi kuzisikia. Kila mmoja dada alimuuliza kwanza kama kuna anayesubiri damu, halafu akamwonyesha kitufe. Mimi nikapewa karatasi ya mama ya kukatia vipimo vya nguo, niandike nani kapiga. Kufika saa sita nilikuwa na hospitali arobaini na moja, na karatasi nimeigeuza upande wa pili.

Mama alisimamisha cherehani. Cherehani ya mama haisimami hata kwa mvua ya mawe.

"Ulisema tano," akamwambia dada.

"Wewe ulisema sita."

Ndipo akapiga mzee mmoja, mkuu wa benki ya damu ya hospitali kubwa. Kidirisha hakikuwa shida yake, walishakifunga.

"Nimepiga kuhakikisha kama upo," akasema. "Miaka minne natafuta mtu wa kumpigia, leo ndiyo nimeona namba. Tulidhani imeandikwa na shirika, jengo lenye walinzi getini."

"Ni mimi na meza ya chakula, mzee."

Tukasikia viatu vyake vinatembea, mlango unafunguliwa. "Sikiliza," akasema. Kutoka kwenye simu ikaja ngurumo ndogo, nzito, isiyokatika. Friji. "Hapa kuna mifuko mia mbili na kumi na sita. Kila mmoja umekaa pale programu yako iliposema ukae. Huu wa mbele unaisha muda kesho kutwa, na tayari una mwenyewe, mtoto wa wadi ya pili. Mwaka wa tatu huu hatujatupa hata mmoja."

Dada aliweka kiganja mezani karibu na simu, kama mtu anayepapasa tumbo la mjamzito. Miaka sita, na hakuwahi kulisikia hata friji moja linaloongozwa na programu yake.

"Sasa tuongee kazi," mzee akaendelea. "Tunataka kukulipa."

"Programu ni ya bure. Nimeshaitoa, siwezi kuirudia niiuze."

"Nani kasema ananunua programu? Tunayo. Friji lina fundi wa mkataba, jenereta lina fundi wa mkataba. Nataka mtu ambaye ikikwama, anapokea simu. Kama ulivyofanya leo."

"Na wasioweza kulipa?"

"Wataitumia bure kama jana. Ukiirekebisha kwangu, si unaianika palepale? Wasio na uwezo nao wanafaidika."

Dada akalitazama lile tangazo kwenye kompyuta. "Jumatatu naanza kazi kwingine," akasema, lakini kwa sauti ya anayeuliza.

"Mama nanii," mama akamwita dada, jina analomwita tangu utotoni akitaka asikilizwe. "Vipimo vya gauni ninaloshona mtaa mzima wanavyo, niliwapa mwenyewe. Mbona bado wananilipa? Kwa sababu likiwabana, nipo."

Mzee akaahidi barua kabla ya jioni. Dada akaanza kuwarudia wa kwenye karatasi, swali moja kila mmoja: mngelipia mtu wa kupokea simu? Wengine walisema hawana uwezo, akawashukuru, akawaambia wapige tu. Wengine walisema watauliza. Kumi na tisa walisema walete mkataba. Yule mwanamke wa kwanza alisema mgonjwa ametoka salama, na bosi wake anataka kujua asaini wapi.

Kisha akaipigia kampuni ya bima. Alisema samahani mara mbili, asante mara moja, akaweka simu chini, akalifuta lile tangazo.

"Nisomee hiyo karatasi," akaniambia.

Nikamsomea, hospitali moja baada ya nyingine, polepole, bila utani hata mmoja. Nilipomaliza akaniambia nigeuze upande wa pili.