Shahidi Asiyempenda

Jerotich alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee huko Tottenham, wakili alipompigia simu. Ombi lake la ukaaji wa kudumu lilikuwa limekataliwa. Titus, mumewe aliyemdhamini, alikuwa amewaambia maofisa kwamba hawaishi pamoja.

Aliporudi nyumbani alimkuta Titus mezani akila.

"Umewaambia siishi hapa?"

"Ulinidharau mbele ya dada zangu," Titus akajibu huku akitafuna. "Nipigie magoti, nitawaambia nilikosea."

"Afadhali nirudi Kericho!"

Alitoka, akabisha mlango wa pili kwa Vasanti, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Hawakuwa wakisalimiana. Akamweleza yote, akamwomba awe shahidi wake kwenye rufaa.

"Mimi sikupendi," Vasanti alisema. "Miaka yote hii nakusikia ukutani ukigombana na huyo bwana wako. Silali. Halafu leo waniambie hukai hapo? Nitakuja."

Akaja kweli. Mbele ya jaji alizisimulia zile kelele moja baada ya nyingine, hata matusi ya siku ya Krismasi. Titus akainamisha kichwa. Rufaa ikakubaliwa.

Nje, Titus alimshika Jerotich mkono. "Basi yaishe, mke wangu. Twende nyumbani."

Jerotich alijichomoa, akapanda basi bila kugeuka. Vasanti naye alipanda, akampita kama hamjui, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.