Bibi Benigna Ndani ya Mraba

Wewe ulipita pale Lizaboni, ukaona moshi unatoka kwenye dirisha la ofisi ya kompyuta, ukageuza shingo. Usikatae. Tulikuona.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Fulgence, meneja wa mradi wa bwawa, anakunywa chai na chapati. Kompyuta zake, zilizounganishwa ukuta mzima, zilikuwa zinaigiza jambo moja kwa wiki kadhaa: bwawa likijengwa, maji yatafika wapi. Ramani, iliyokatwa miraba midogo na kila mraba ukapewa jina moja tu, ilisema bondeni ni pori tupu. Picha ilipigwa kutoka angani, na nyumba ya nyasi ukiitazama kutoka angani ni nyasi.

Siku hiyo maji yalifika kwenye mraba mmoja wa ramani, yakasimama. Zulfa, fundi wa mitambo, akausogeza karibu kwenye kioo. Bibi Benigna wa bondeni alikuwa humo, anapalilia mihogo kando ya kaburi la mumewe.

"Shikamoo, bibi," Zulfa akasema kwenye maikrofoni.

"Marahaba. Mmechelewa kubisha hodi."

Fulgence akamwomba atoke. Ripoti inatakiwa Ijumaa, na wakubwa hawapendi kusubiri.

"Nitoke niende wapi, baba? Wakati wa Operesheni Vijiji nilipakiwa kwenye lori nikiwa msichana, nyumba inaungua nyuma yangu. Humu lori halifiki."

Akawasha moto wa chakula cha mchana. Moshi ukatokea kwenye feni za kompyuta, pamoja na harufu ya mahindi ya kuchoma. Wafanyakazi wakafungua madirisha, wakaendelea na kazi.

Alhamisi Fulgence akafanya wanavyofanya mameneja muda ukiwabana: akaongeza ukubwa wa miraba. Mraba mmoja sasa ukabeba nyumba, kaburi, mihogo, na nyasi nyingi za kuzunguka. Nyasi zikashinda. Kompyuta ikauita pori, maji yakapita.

Ripoti ilitoka kwenye printa imelowa. Wakubwa wakatia saini, wakapangusa matope vidoleni, wakaulizia chakula.

Bibi Benigna hajatoka. Maji yamemfika kiunoni, na bado analima. Zulfa humwamkia kila asubuhi, naye huitikia. Moshi unaendelea, maana kuni alizipandisha darini mapema. Huku nje, magreda yameshateremshwa bondeni.

Sasa wewe, vaa viatu. Ofisi iko juu ya duka la mbolea, mlango wa bluu. Watakupa benchi usubiri, usikae. Mwambie Fulgence arudishe miraba midogo, maji yasimame tena mlangoni kwa bibi, na simama hapohapo mpaka airudishe. Nenda leo, magreda yakiwa bado yamezimwa.